Dhahabu inapimwa kwa mizani, chakula kwa jicho: namna ya kuhesabu kalori za shimo bila mashine

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wachimbaji wa Misisi, Lubichako na Nyange wanalijua neno hilo kupita wengine, juu kila shimo lina daftari lake. PDG anaandika humo miti ya kutegemeza, mafuta ya motopompe, nyundo, burini, taa za kichwa, na unga wa kulisha ekipe. Siku ya kugawana, vyote hivyo vinatolewa kwanza, ndipo kinachobaki kinagawanywa. Lakini kuko kitu kimoja ambacho hakiandikwi hata siku moja: nguvu ambayo mwili wa mchimbaji umetoa ili lile jiwe litoke chini.

Sisi wa sendika tunakutana na ugomvi huu kila msimu. Ekipe inasema ina njaa. PDG anasema chakula alileta, na daftari ni shahidi. Wote wawili wanasema kweli yao, na hakuna mwenye namba mkononi. Basi wenye sauti kubwa wanashinda, na wenye njaa wanarudi shimoni.

Namba hiyo inaweza kupatikana. Hapana haja ya saa ya bei kali inayohesabu mapigo ya moyo, wala mashine ya hospitali. Inatosha kujua uzito wako, kujua saa ngapi umefanya kazi kweli, na kusikiliza pumzi yako. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya hesabu yenyewe kwa kalamu.

Kalori ni kitu gani

Kalori ni kipimo cha nguvu, sawa vile kilo ni kipimo cha uzito. Ile kalori inayoandikwa kwenye paketi ya biskuti ni moto unaotosha kupandisha joto la litri moja ya maji kwa digrii moja. Ukitaka kuchemsha litri moja ya maji ya kawaida, kutoka digrii 20 mpaka 100, unahitaji kalori 80. Mchimbaji anayetumia kalori 3500 kwa siku ametoa mwilini mwake moto wa kuchemsha bidoni mbili za litri 20, na unabaki kidogo. Moto huo hautoki hewani. Unatoka kwenye ugali, maharagi, mawese na ndagala. Sahani isipoutoa, utatoka kwenye nyama ya mwili wenyewe.

Hata mtu aliyelala anachoma, juu moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, damu inakaa na joto. Kadiri ya karibu ni rahisi kukumbuka: mtu aliyetulia anachoma kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila saa. Mwenye kilo 60 akilala saa 8 anachoma karibu 480. Hapo ndipo hesabu yote inapoanzia.

Saa ya mkononi haijui shimo

Vijana wengine wamenunua saa zinazoonyesha mapigo ya moyo na kalori, na wasiokuwa nazo wanafikiri hawawezi kujua kitu. Wasihuzunike. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu saa na mikanda ya namna saba kwa watu 60. Mapigo ya moyo, nyingi zilihesabu vizuri. Kalori, hapana: iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Na wale watu walikuwa wanatembea, wanakimbia na kuendesha baiskeli mahali penye hewa nzuri.

Chini ya ardhi mambo ni magumu zaidi. Moyo hauendi mbio juu ya kazi peke yake. Unaenda mbio juu ya joto, juu ya woga udongo ukidondoka, juu ya maji mtu aliyopoteza kwa jasho, na juu ya hewa mbaya. Saa itaona mapigo 130 na kuandika kalori nyingi, kumbe kijana amekaa tu chini anahema.

Hata hivyo mapigo yana kazi yake, na vidole viwili vinatosha kuyapima. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kiwiko cha mkono, chini ya dole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15 ukitazama telefoni, kisha zidisha kwa 4. Umekaa kimya dakika tano au kumi na moyo bado unakwenda mbio, tena kichwa kinauma au kizunguzungu kimekushika? Hiyo siyo hesabu ya kalori tena. Inaweza kuwa moshi wa motopompe au hewa iliyokwisha. Toka nje na uwatoe wenzako. Hesabu itafanyika juu, kwenye hewa.

Uzito, muda, pumzi

Kitu cha kwanza ni uzito. Baskili ya kituo cha afya ni nzuri, na ile ya mfanyabiashara wa mihogo inafaa vilevile. Jipime asubuhi, kabla ya kula, bila buti wala koti.

Kitu cha pili ni muda wa kweli. Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya bila kujua. Mtu anasema: nimepiga nyundo saa nane. Hakuna anayepiga nyundo saa nane. Ameshuka, amengoja maji yatolewe, amepokea burini, amepiga, amepumzika, amejaza mfuko, amengoja kamba. Njia nzuri ni kuchagua mwenzenu mmoja wa zamu, mwenye telefoni au saa, na kila dakika 15 atie alama ya makaa juu ya ubao: N kwa nyundo na pelo, B kwa kubeba, P kwa kazi pole, K kwa kukaa. Mwisho wa zamu mnahesabu alama, na kila alama nne ni saa moja. Fanyeni hivyo siku tatu au nne, siyo moja, juu siku hazifanani.

Kitu cha tatu ni pumzi. Pumzi ni mashine ambayo kila mtu alizaliwa nayo, juu moto wa mwili unahitaji hewa: kazi ikiongezeka, hewa inaongezeka. Jaribu kuimba au kusema wakati wa kazi, kisha chukua namba inayolingana:

Umekaa, unangoja, unapiga hadithi: namba 1 na nusu.

Kazi pole. Unatembea mahali sawa, unachambua mawe, unapanga miti. Unaweza kusema vizuri, na hata kuimba kidogo: namba 3.

Kazi ngumu. Nyundo na burini, pelo, koleo. Huwezi kuimba, na maneno yanatoka vipande vipande: namba 6.

Kazi kali sana. Kupanda na mfuko wa mawe mgongoni. Unatoa neno moja, unavuta hewa: namba 8.

Namba hizi hatukuziokota njiani. Tangu 1993 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Barbara Ainsworth, wametoa orodha ya mamia ya kazi na michezo, kila moja na namba yake, na wameirudia kuisahihisha mara kadhaa. Kazi za mgodi wa makaa ya mawe wameziweka karibu na 5 mpaka 7. Namba inasema kazi inachoma mara ngapi kuliko kukaa kimya. Basi hesabu ni hii: namba ya kazi, mara kilo zako, mara saa ulizofanya.

Mchimbaji wa kilo 60

Tuchukue kijana wa kilo 60, zamu ya saa 8. Ubao umeonyesha saa 3 za nyundo na pelo, saa 1 ya kubeba mifuko, saa 2 za kazi pole, na saa 2 za kukaa na kungoja.

Nyundo na pelo: 6 × 60 × 3 = 1080.
Kubeba: 8 × 60 × 1 = 480.
Kazi pole: 3 × 60 × 2 = 360.
Kukaa: 1.5 × 60 × 2 = 180.

Zamu peke yake imekula kalori 2100. Tuongeze saa 16 zilizobaki. Kulala saa 8 ni 480. Kutembea kutoka kambini mpaka shimoni na kurudi, kupanda na kushuka mlima, saa 2 kwa namba 3 na nusu, ni 420. Kukaa, kula, kuongea na ndugu saa 6 ni 540. Jumla ya siku nzima ni kalori 3540.

Je, inaaminika? Iko njia ya pili ya kuijaribu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, FAO na OMS, yalikutanisha wataalamu mwaka 2001, na ripoti ikatoka 2004. Wanaanza na nguvu ambayo mwili unatumia ukiwa umelala macho bila kufanya kitu siku nzima. Kwa mwanaume wa kilo 60, mwenye miaka 18 mpaka 30, ni karibu 1600. Kisha wanazidisha: mtu wa kazi nzito, kati ya mara 2 na mara 2.4. Tukichukua katikati, 2.2, tunapata 3520. Njia mbili, na tofauti ni kalori 20.

Tena iko njia ya tatu, ya wachimbaji wenzetu. Mwaka 1952, katika jimbo la Fife kule Scotland, watafiti waliwafuata wachimbaji wa makaa na makarani wa mgodi uleule. Waliandika kazi za kila dakika, mchana na usiku, wakapima hewa waliyovuta. Mchimbaji alitumia kwa wastani kalori 3660 kwa siku, karani 2800. Ule ubao wetu wa alama za makaa ni mdogo wake na daftari lile la Scotland.

Tuseme ukweli wote: hii ni kadirio. Miili haifanani, na nyundo ya kilo 2 siyo nyundo ya kilo 5. Weka nafasi ya kukosea ya asilimia 20 juu na chini. Kijana wetu yuko kati ya 2800 na 4200. Lakini hata ukichukua ile ya chini kabisa, bado inatosha kumwuliza mtu swali mbele ya sahani.

Mama wa kutwanga naye ahesabiwe

Watu wakisema mchimbaji wanafikiri mwanaume. Kamituga mama wanaoponda mawe wanaitwa twangaise, kwa neno letu la kutwanga, na kazi yao tunaijua huku Fizi pia. Mashine za kusaga zimeingia kwenye machimbo mengi na kuchukua kazi ya wengine, lakini kinu na mchi havijaisha, wala mama wanaobeba mawe kwa kamba ya kichwa.

Tumchukue mama wa kilo 55. Kutwanga saa 5, kwa namba 5: 1375. Kubeba mawe saa 1, kwa namba 7: 385. Kuchekecha na kungoja saa 2, kwa namba 2: 220. Kazi yake ya saa 8 imekula 1980, karibu sawa na zamu ya kijana chini ya shimo. Sasa kijana anarudi, anakaa. Mama anarudi, anachota maji, anatafuta kuni, anasonga ugali, anaogesha watoto. Saa 4 kwa namba 3 ni 660. Kulala saa 7 ni 385. Kukaa saa 5 ni karibu 410. Jumla: 3435.

Na kama ananyonyesha, wale wataalamu wa FAO na OMS wanasema aongezewe karibu 500 kwa siku katika miezi sita ya kwanza. Hapo anapita 3900. Mwenye mimba, katika miezi mitatu ya mwisho, anahitaji karibu 475 zaidi, na kazi ya kubeba mawe haimfai kabisa. Mwenye kuhitaji zaidi katika nyumba nyingi ndiye anayekula mwisho, akikwangua sufuria. Tusipoandika namba yake, tutaendelea kusema mama hafanyi kazi nzito.

Sahani inaleta ngapi

Upande mmoja wa mizani tumeuona. Tutazame upande wa pili. Namba za kukumbuka ni chache:

Unga mkavu wa muhogo au wa mahindi, gramu 100: karibu 340.
Maharagi makavu, gramu 100: karibu 330.
Karanga, gramu 100: karibu 570.
Mawese, kijiko kikubwa kimoja: karibu 120.
Sukari, kijiko kidogo kimoja: karibu 20.

Angalia kwamba tunapima kikavu, kabla ya kupika. Bugali ikishaiva imejaa maji. Tonge kubwa linajaza jicho na tumbo, lakini maji hayana kalori hata moja. Ndiyo maana kubishana juu ya ukubwa wa tonge ni kupoteza wakati. Mwulize mpishi: unga wa kilo ngapi, kwa watu wangapi?

Tuseme ekipe ya watu 10 imepikiwa kilo 3 za unga, kilo 1 ya maharagi, na vijiko 10 vya mawese. Kila mtu amepata unga gramu 300, sawa na 1020, maharagi gramu 100, sawa na 330, na mawese 120. Jumla 1470. Tuongeze chai ya asubuhi yenye vijiko viwili vya sukari na mandazi mawili, tuseme 340 hivi. Kijana amekula 1810. Ametumia 3540. Pengo ni kalori 1730.

Pengo hilo linalipwa na nani? Kwanza linalipwa na mafuta ya mwili. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7700, kwa hiyo mtu anaanza kukonda wiki ya kwanza. Halafu mwili unajikinga wenyewe: unafunga mlango. Nyundo inapungua kasi, mapumziko yanaongezeka, mtu anakaa pasipo kuambiwa kaa. PDG anamwita mvivu, naye mwenyewe anaanza kuamini kwamba amerogwa. Hakuna uchawi hapo. Nyundo inachelewa juu sahani haikutosha.

Wajerumani waliliona jambo hili wakati wa vita vya pili vya dunia na mara baada yake. Watafiti Kraut na Muller waliandika mwaka 1946 kwamba kwa wachimba makaa wa Ruhr, chakula kikipungua, tani zinapungua; chakula kikirudi, tani zinarudi. Waliona tena jambo la ajabu. Wafanyakazi wengine walipoahidiwa sigara kama zawadi ya kutoa kazi zaidi, kweli walitoa zaidi, lakini wakakonda. Zawadi iliwasukuma kutumia nguvu ambayo hawakulishwa. Kwetu siyo sigara peke yake. Kuko lotoko ya asubuhi. Pombe ina kalori, ndiyo, lakini inakausha maji ya mwili na kulegeza miguu juu ya ngazi. Ni moto wa majani makavu: unawaka haraka, chakula haukuivisha.

Ukitaka kuziba pengo kwa franka kidogo, anza na mawese na karanga, juu nguvu nyingi imekaa mahali padogo. Ngumi mbili za karanga mfukoni, karibu gramu 100, zinarudisha zaidi ya saa moja na nusu ya nyundo. Ndagala na maharagi ni vya kujenga nyama ya mwili, visikosekane. Sombe ni dawa ya damu, lakini kwa nguvu ya nyundo haitoshi peke yake bila mafuta.

Baskili ndiyo hakimu

Kuko anayesema hesabu zote hizi ni ndefu kwake. Iko njia fupi kuliko zote, na ndiyo ya kweli kuliko zote. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, kwa majuma manne. Andika. Kama uzito haukubadilika, basi ulichokula ndicho ulichochoma. Hesabu sahani zako na umepata jibu. Kama uzito umeshuka, umechoma kuliko ulivyokula. Kama umepanda, kinyume chake.

Jihadhari na jambo moja. Ukijipima kabla ya zamu na baada ya zamu, ukakuta kilo moja imetoka, hiyo ni jasho, karibu litri moja ya maji. Siyo mafuta. Kunywa maji, itarudi. Kinachohesabiwa ni mwendo wa wiki na mwezi. Na anayekonda huku anakula vizuri, tena anakohoa wiki mbili au zaidi, au anatoka jasho usiku, asitafute kosa kwenye sahani. Aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu, juu vumbi la mawe na ugonjwa huo ni marafiki wa zamani.

Namba hizi tuzipeleke wapi

Kuhesabu kalori za mchimbaji siyo jambo jipya Kongo. Wakati wa ukoloni, Union Minière ya Katanga ilikuwa na waganga waliopima posho ya wafanyakazi. Kampuni ilijua kwamba mtu asiyekula hatoi shaba. Walihesabu kwa faida ya shaba. Na posho haikuzuia wafanyakazi kudai mshahara: Desemba 1941 waligoma, na tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwapiga risasi kule Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Tunalikumbusha ili ieleweke kwamba yule anayeshika hesabu ndiye anayeamua hesabu inasema nini. Safari hii kalamu iwe mkononi mwetu.

Wengi wetu hatuna kandarasi ya kazi. Kodi ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inaweka mwisho wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, lakini shimo la ndugu na PDG mara nyingi liko nje ya ofisi ya kazi. Kodi ya madini, ya 2002 na ilivyobadilishwa 2018, inamtaka mchimbaji mdogo awe ndani ya koperative, na SAEMAPE iko kwa kazi ya kumsaidia. Basi koperative ndiyo meza ya kupeleka namba. Tunapendekeza mambo manne, na kila moja linaweza kuanza wiki hii.

Kwanza, chakula kipimwe kikavu mbele ya ekipe, na kilo ziandikwe kwenye daftari pamoja na bei. Ikiwa kinatolewa kwenye mgao wetu, basi sisi ndio tunaokinunua, na mnunuzi ana haki ya kuona baskili. Dhahabu tunaipima mpaka chembe ya mwisho. Unga hauwezi kupimwa kwa jicho.

Pili, zamu ya saa 8 ya nyundo iwe na milo miwili, siyo mmoja wa jioni. Ukirudi kwenye hesabu yetu: chungu kilekile cha 1470 kikipikwa mara mbili, pamoja na chai, kinaleta 3280. Pengo la 1730 linabaki 260, na ngumi moja ya karanga inalifunga.

Tatu, kila shimo liwe na daftari la uzito. Jina, tarehe, kilo. Ekipe nzima ikishuka kilo mwezi mmoja, hapana haja ya kelele. PDG mwenye akili ataelewa mwenyewe, juu ekipe iliyokonda inatoa mifuko michache, na hasara ni yake pia.

Nne, mama wanaotwanga na kubeba waandikwe katika hesabu ileile ya chakula. Tumeona namba zao.

Papa zetu waliovua ziwani, upande wa Ubwari, hawakukubali mfanyabiashara aseme uzito wa samaki kwa kuangalia tu. Walisema: weka kwenye mizani. Sisi tulioacha mtumbwi tukashika burini tusisahau neno hilo tulipofika mlimani. Zamu ijayo, chagueni mtu wa ubao, mtafute kipande cha makaa, muanze na alama ya kwanza.